Land Rover na Land Cruiser: Gari Lipi Linafaa Parokia ya Milimani?



Ndugu wasomaji, yapo mabishano mawili ambayo mafrateri hawajawahi kuyamaliza. La kwanza ni Simba na Yanga. La pili huibuka kila gari la jimbo linapoingia getini: kati ya Land Rover na Land Cruiser, lipi ni gari? Wengi wanaobishana kwa sauti kubwa hawajawahi kushika usukani wa lolote kati ya hayo mawili. Wamepanda nyuma tu, juu ya magunia ya mahindi, wakiwa wameshikilia chuma cha paa.

Mimi nilijaliwa kuyaendesha yote mawili katika mwaka wangu wa uchungaji, kwenye parokia moja ya vijijini katika milima ya Umalila, Jimbo Kuu la Mbeya. La kwanza lilikuwa Land Rover Defender 110 ya mwaka 1996, yenye injini ya 300Tdi. La pili lilikuwa Land Cruiser ya mwaka 1994, aina ya HZJ75, ile ndefu yenye milango miwili mbele na miwili nyuma, ambayo watu wengi huiita "mkonga" kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo. Yote mawili yalifika parokiani yakiwa yametumika, na yote mawili yalikuwa yamewazidi umri vijana wengi wa VIWAWA.

Swali la lipi ni bora halikuwa la kupitishia muda. Parokia haikuwa na uwezo wa kuyatunza yote mawili. Bima ni mbili, matairi ni kumi ukihesabu na ya akiba, na fundi hulipwa kwa kila gari analolifungua. Halmashauri ya Walei iliamua kwamba moja libaki na jingine liuzwe, ila haikujua lipi. Baba Paroko akanikabidhi daftari na kuniambia, "Frateri, andika kila safari. Andika barabara, mzigo, mafuta na gari lilivyokwenda. Mwisho wa mwaka utatusomea." Haya ninayowaandikia yametoka kwenye daftari hilo.

Magari mawili, chimbuko mbili

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 1948, katika maonesho ya magari ya Amsterdam. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa kwa mgao, lakini aluminiamu ilikuwapo. Ndiyo maana bodi yake ni ya aluminiamu hadi mwisho, na ndiyo maana utaona Land Rover ya miaka ya sitini imesimama nje ya nyumba ya mkulima ikiwa imebonyea kila upande, na bodi bado nzima. Kinacholiwa na kutu ni chasisi iliyo chini, kwa kuwa hiyo ni ya chuma. Aina ya 110 ilianza mwaka 1983, jina la Defender likaja mwaka 1990, na utengenezaji wake ulikoma Januari 2016.

Toyota nao walianza na gari lililoitwa BJ mwaka 1951. Mwaka huohuo walilipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita, ili kuonesha kwamba lina uwezo. Jina la Land Cruiser lilikuja mwaka 1954. Mfululizo wa 70, ambamo ile yetu ya parokia imo, ulitoka mwaka 1984 na bado unatengenezwa hadi leo. Ninaomba msomaji aikumbuke tofauti hiyo: moja limekoma kutengenezwa na jingine linaendelea. Tutairudia tutakapofika kwenye spea.

Kupanda mlima

Anayesoma karatasi za kiwandani ataipa Land Cruiser ushindi kabla injini haijawashwa. Injini yake, 1HZ, ina lita 4.2 na mitungi sita, na nguvu yake ni kama farasi 130. Ile ya 110 ina lita 2.5 na mitungi minne, na nguvu ya farasi 111. Mtu atauliza: mdogo atashindanaje na mkubwa?

Jibu liko kwenye hewa ya milima yetu. Injini ya dizeli huhitaji hewa ili kuunguza mafuta, na kadiri unavyopanda juu hewa huwa nyepesi. Mafundi husema kwamba injini isiyo na tabochaja hupungukiwa na takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ile 1HZ haina tabochaja. Inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Vijiji vya Umalila viko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Piga hesabu: farasi 130 ukitoa sehemu mbili za kumi, unabaki na kama 104. Ile 300Tdi ina tabochaja inayoisukumia hewa kwa nguvu, kwa hiyo hupoteza kidogo tu. Huku kwetu juu, mdogo na mkubwa huwa karibu sawa, na wakati mwingine mdogo hutangulia.

Niliona hivyo kwenye mlima wa kwenda kigango chetu cha mbali kuliko vyote. Nikiwa na Land Cruiser yenye watu tisa na magunia manne ya viazi, moshi mweusi ulitoka nyuma na nililazimika kurudi gia ya pili mapema. Lakini haikuonesha dalili ya kuchoka. Injini ile haina haraka; inapanda kama mzee anayejua njia, hatua kwa hatua, bila kusimama. Nikiwa na 110 na mzigo uleule, gia ya tatu ilinifikisha mbali zaidi. Tatizo ni kwamba 110 inataka dereva aijue: ukiacha mzunguko wa injini ushuke sana, tabochaja inalala na gari linakufa mikononi. Padri mgeni aliyeizoea Land Cruiser alizima injini mara tatu kwenye mlima mmoja, waamini wakimtazama kwa huruma.

Kwenye tope

Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, wakati mwingine Mei. Udongo wa Umalila ukilowa unakuwa kama sabuni. Hapa ndipo tofauti ya uendeshaji inapoonekana wazi.

Kwenye 110, magurudumu yote manne husukuma gari wakati wote, liwe kwenye lami au shambani. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna difu ya katikati, ambayo dereva huifunga kwa fimbo ndogo ya gia anapoona utelezi. Springi zake ni za koili, zile zilizojiviringa, mbele na nyuma. Gurudumu moja likitumbukia kwenye korongo, springi inanyooka na tairi linaendelea kugusa ardhi. Tairi linalogusa ardhi ndilo linalosukuma.

Land Cruiser ya aina yetu husukumwa na magurudumu ya nyuma tu mpaka dereva aamue vinginevyo. Lazima ushuke, uinamie kila gurudumu la mbele, ugeuze loki yake kwa mkono, kisha urudi ndani na kuvuta fimbo ndogo. Ukishafanya hivyo ni gari lenye nguvu. Lakini springi zake ni za mapande, vile vyuma bapa vilivyolaliana, na ni ngumu. Gari likiwa tupu, upande wa nyuma unarukaruka na kupeperuka kwenye kona. Likiwa na mzigo linatulia na kwenda kama treni. Mzee dereva wetu, aliyeendesha magari ya misheni kwa zaidi ya miaka 20, hakukubali kutoka na Land Cruiser tupu wakati wa masika. Aliweka magunia mawili ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, "Frateri, gari hili lilitengenezwa libebe. Lisipobeba, linacheza."

Katika daftari langu, kwa miezi ya mvua, 110 ilikwama mara mbili na Land Cruiser mara tano. Ila katika hizo tano, mara tatu tulikwama kabla ya kufunga loki, kwa kuwa hakuna aliyetaka kushuka kwenye mvua na kanzu nyeupe. Gari halina kosa hapo.

Kuteremka

Vijana hupenda kuuliza gari linapandaje. Mtu aliyekulia Mbeya huuliza linateremkaje. Tuna miteremko ya Iwambi na Mbalizi, tuna Mlima Nyoka na Inyala, na wenzetu wa Iringa wana Kitonga. Majina haya waamini wengi wameyasikia kwenye matangazo ya misiba. Gari linaloshindwa kupanda litakuchelewesha. Linaloshindwa kuteremka halikupi nafasi ya pili.

Kanuni ni moja kwa magari yote: teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia. Breki ni za kusimamisha gari, na injini ndiyo ya kulizuia. Anayeshusha gari likiwa fri ili kuokoa mafuta ya shilingi elfu mbili anaweka rehani roho za watu.

Katika hili Land Cruiser ina sifa kubwa. Injini yake ni pana na inabana hewa kwa nguvu zaidi, hivyo ukiwa gia ya pili inalikamata gari kana kwamba kuna mtu analivuta kwa nyuma. Ile 110, kwa kuwa injini ni ndogo, hukimbia kidogo zaidi katika gia ileile, na inabidi ushuke gia moja chini. Lakini 110 ina faida yake: kizuizi cha injini kinafika kwenye magurudumu yote manne. Kwenye Land Cruiser ambayo loki za mbele hazijafungwa, kizuizi chote kinaishia magurudumu ya nyuma. Kwenye lami kavu hilo halina shida. Kwenye udongo uliolowa, gari likiwa tupu, magurudumu ya nyuma yanaweza kuserereka na kutaka kutangulia mbele. Kwa hiyo niliandika kwenye daftari kwa wino mwekundu: funga loki juu ya mlima, kabla ya kuanza kuteremka, na wala si katikati.

Breki nazo zinatofautiana. Ile 110 yetu ilikuwa na breki za diski mbele na nyuma. Land Cruiser ilikuwa na diski mbele na ngoma nyuma. Ngoma zikiingia tope hukaa nalo, na zinahitaji kufunguliwa na kusafishwa mara kwa mara katika miezi ya mvua. Hakuna gari kati ya haya mawili lenye vifaa vya kisasa vya kuzuia magurudumu yasijifunge breki inapokanyagwa ghafla. Mguu wa dereva ndio kifaa pekee.

Lami ya kwenda Iringa

Mwezi Julai tulikuwa na safari ya Iringa kwa magari yote mawili, tukiwa na wanakwaya na akina mama wa WAWATA. Ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Mbeya mjini, na ndani ya siku moja unapita majimbo manne: Mbeya, Njombe ukifika Makambako, kisha Mafinga, jimbo lililozaliwa mwaka 2023, na hatimaye Iringa. Mtu anayetaka kulinganisha magari hapati njia nzuri kuliko hiyo. Unateremka kutoka baridi ya Uyole hadi joto la bonde la Usangu, unanyoosha Igurusi na Chimala katikati ya mashamba ya mpunga, halafu baada ya Igawa unaanza kupanda tena taratibu kwenda Makambako na Mafinga, kwenye misitu ya misonobari na upepo.

Niliendesha Land Cruiser kwenda na 110 kurudi. Kwenye tambarare ya Usangu, Land Cruiser ilikuwa bwana. Kwa mwendo wa kilomita 80 injini yake inanguruma chini, usukani umetulia, na dereva anaweza kuzungumza na aliye pembeni bila kupaza sauti sana. Kule chini hewa ni nzito zaidi, na zile nguvu zilizopotea Umalila zilirudi. Kulipita lori lenye tela kulihitaji subira, lakini si sala.

Ile 110 kwenye lami ni jambo jingine. Usukani wake unataka kusahihishwa kila wakati, na kwenye kona gari linalala upande kwa sababu ya springi zilezile laini zinazoliokoa shambani. Upepo wa pembeni wa Mafinga ulikuwa unalisukuma. Kiti cha dereva kiko karibu sana na mlango. Ukiwa na mabega mapana, kiwiko chako cha kulia hakina pa kukaa. Ila kutoka Igawa kupanda Makambako tulilipita lori baada ya lori kwa gia ya nne, na mafuta iliyokunywa yalikuwa machache: kama lita 11 kwa kilomita 100, wakati Land Cruiser ilikaribia 14. Kwa parokia inayopima dizeli kwa sadaka ya Jumapili, lita tatu ni fedha.

Akina mama wa WAWATA walikuwa na tathmini yao, nami niliiandika. Kwenye vipande vya vumbi, pale barabara ilipojikunja kama bati, walisema 110 inabembeleza na Land Cruiser inachapa. Mmoja aliongeza kwamba hata hivyo Land Cruiser ina nafasi ya kunyoosha miguu. Ni kweli, ni ndefu zaidi nyuma. Mgonjwa akilazwa kwenye godoro humo ndani, mtu wa kumshikia chupa ya dripu anapata pa kukaa.

Spea na fundi

Hadi hapa mizani imelala karibu sawa. Kama ningeulizwa mwezi Agosti nibaki na gari gani kwa ajili ya kuendesha Umalila, ningejibu 110 bila kusita. Lakini parokia haiendeshi tu, inatengeneza pia.

Spea za Land Cruiser nilizipata Mwanjelwa, Makambako, Mafinga na Iringa. Kwa kuwa mfululizo wa 70 bado unatengenezwa, na kwa kuwa hospitali, serikali, mashirika na kampuni za utalii wanalitumia gari hilohilo, kila mji una duka na kila gereji ina fundi aliyewahi kulifungua. Land Rover nayo ina wapenzi wake wengi nchini. Mwezi Oktoba 2024 zilikusanyika Arusha kwa mamia katika tamasha, zilizopakwa rangi na zilizoungwaungwa, na ilikuwa furaha kuziona. Lakini Arusha ni mbali na Umalila. Spea nyingi za 110 yetu tulizisubiri kwa basi kutoka Dar es Salaam au Arusha, na wakati mwingine ilifika ambayo siyo.

Yote mawili yana mkanda wa ndani ya injini, ule wa kuendesha vali, ambao unapaswa kubadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, injini inaharibika vibaya. Nilipouliza mara ya mwisho mikanda hiyo ilibadilishwa lini, hakuna aliyekuwa na jibu, kwa kuwa kila paroko aliyehama alikwenda na kumbukumbu yake kichwani. Ile ya Land Cruiser tulibadilisha wiki hiyohiyo. Ile ya 110 tulisubiri siku kumi.

Siku kumi na moja za klachi

Mwezi Septemba klachi ya 110 ilichoka. Silinda yake ndogo ilikuwa na umri wa miaka mingi na mpira wake ulikuwa umekwisha. Si kitu kikubwa, kinaenea kwenye kiganja. Gari lilisimama siku kumi na moja kusubiri kifaa hicho.

Siku ya tisa, katekista mstaafu wa kigango chetu cha mbali alizidiwa. Alikuwa mzee aliyefundisha katekisimu kwa miaka mingi kuliko nilizoishi, na nusu ya waamini wa kule walipokea Komunyo ya kwanza mikononi mwa mapadri aliowaandalia yeye. Simu iliingia saa mbili usiku. Land Cruiser ilikuwa imekwenda Iringa na Baba Paroko. Padri msaidizi alichukua mafuta matakatifu na Ekaristi, akavaa koti la mvua juu ya stola, na akapanda bodaboda ya kijana mmoja wa jumuiya. Kwa gari ni saa moja na nusu. Wao walitumia saa tatu na zaidi, na mara mbili walishuka kusukuma pikipiki.

Walimkuta anapumua. Akaungama, akapakwa mafuta, akapokea. Alfajiri akafa.

Wakati wa mazishi waamini walimshukuru Mungu, nami pia. Lakini nilijiuliza kuhusu mgonjwa ambaye hataweza kusubiri saa tatu. Usiku ule, farasi 111 za Land Rover na springi zake za koili hazikuwa na maana yoyote. Gari lililokuwa bora kuliko yote parokiani lilikuwa pikipiki ya kijana yule, kwa sababu ilikuwa tayari.

Kanisa limewahi kulijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1927, Padri Paul Schulte, Mjerumani wa Shirika la Oblati wa Maria Imakulata aliyekuwa pia rubani, alianzisha MIVA, chama cha kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri. Alifanya hivyo baada ya rafiki yake, Padri Otto Fuhrmann, kufa katika nchi ambayo leo ni Namibia kwa kukosa usafiri wa kumfikisha hospitalini mapema. Magari mengi ya misheni duniani yamenunuliwa na michango ya waamini kupitia chama hicho. Wale waamini hawakuchanga ili padri apendeze. Walichanga ili mtu asife njiani.

Uamuzi

Mwezi Novemba niliwasomea Halmashauri ya Walei daftari lote. Nikahitimisha hivi: kwa kupanda na kwa tope, 110 ni gari bora. Kwa kuteremka wanalingana, kila moja na sharti lake. Kwa lami, mzigo na mgonjwa, Land Cruiser. Kwa mafuta, 110. Kwa spea na fundi, Land Cruiser, na kwa mbali sana. Nikaongeza kwamba mapadri huhamishwa, na gari la parokia lazima limvumilie dereva mpya. Land Cruiser humvumilia. Ile 110 humfundisha kwanza, na mlimani si mahali pa kila mtu kufundishwa.

Mzee dereva alinyoosha mkono. Kila mtu alijua anaipenda 110. Ndiyo aliyobebea saruji ya kanisa la kigango, na ndiyo iliyomfikisha mkewe hospitalini alipojifungua mtoto wa mwisho. Alisimama kwa muda bila kusema. Kisha akasema, "Iuzwe. Ila anunue mtu wa milimani, anayejua kuitunza." Akaketi.

Ilinunuliwa na mkulima wa viazi wa tarafa ya jirani. Parokia haikuipeleka fedha yote kwenye ujenzi, ingawa paa la kigango lilikuwa likisubiri. Sehemu ilinunua shokapu mpya, matairi matano na breki za nyuma za Land Cruiser. Sehemu nyingine iliwekwa kwenye boksi dogo la spea: silinda za klachi za juu na chini, mkanda wa injini, feni belti, mipira ya rejeta, chujio za dizeli. Vitu hivyo sasa viko kwenye kabati la ofisi ya parokia, na funguo moja iko kwa mwenyekiti wa Halmashauri.

Daftari nalo liko ndani ya gari. Kila dereva huandika tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na kinachokaribia. Paroko akihama, daftari linabaki.

Wapendwa mafrateri, wengi wetu tutapewa magari ya aina hii siku moja, na hatutachagua. Tutapewa lililopo. Basi tulijue: tujue loki zake ziko wapi, linateremka kwa gia gani, mkanda wake una umri gani. Nanyi waamini, mnapotuchangia gari, msiishie siku ya kulibariki na kulinyunyizia maji. Ulizeni kila baada ya miezi mitatu: breki zikoje? Matairi je? Swali hilo si la kumdharau padri. Injili ya Luka inatueleza kwamba Mama Maria alikwenda nchi ya milimani na alikwenda kwa haraka, kwa sababu kulikuwa na mama mjamzito aliyemhitaji. Mama wa namna hiyo wapo Umalila, wapo Kilolo na wapo Mufindi, na mvua za mwaka huu zimeshaanza.